Bahasha ya Getini au Simu ya Ajenti? Kutafuta Kazi Kwale

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye barabara ya hoteli za Diani, bodaboda kutoka Ukunda hushusha watu wa aina mbili. Wa kwanza wana beji shingoni na wanapita moja kwa moja kwenye mlango wa wafanyakazi. Wa pili wameshika bahasha ya kaki na wanasimama kando ya kibanda cha soja. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu. Nafasi hakuna, lakini weka hapo.” Bahasha inalazwa juu ya zilizotangulia, karibu na kitabu cha wageni, na kijana anashika njia kwenda kujaribu geti la pili.

Jioni ya siku hiyohiyo simu yake inaweza kuingiwa na ujumbe. Umeandikwa kwa ufundi, una hata nembo ya hoteli kubwa: jina lake limechaguliwa, usaili ni Jumatatu, ila kwanza atume shilingi 1,500 za kupimwa afya kwa namba iliyo hapo chini. Namba yenyewe ni ya mtu binafsi. Mtu aliyekaa miezi mitatu bila bahasha yake hata moja kujibiwa huona ujumbe wa namna hiyo kama rehema, na hapo ndipo tapeli anapomshika.

Mabarazani, kuanzia Tiwi hadi Lunga Lunga, mjadala wa njia ya kupata kazi hauishi. Wapo wanaoapa kwamba bila mtu wa ndani hupati. Wapo wanaosema siku hizi kila nafasi iko mikononi mwa maajenti, na wapo wazee wanaosisitiza kwamba wao waliingia hotelini kwa miguu yao, wakagonga mlango wakaitwa. Kila mmoja ana ukweli wake, kwa kuwa kila mmoja anazungumzia kazi tofauti. Kubeba sahani Galu, uuguzi katika hospitali ya rufaa ya Msambweni, kuendesha mtambo wa kuchimba mchanga, na kazi ya nyumbani Riyadh, hizo ni nyumba nne zenye milango minne. Kinachompotosha mtafuta kazi ni kubisha mlango wa nyumba moja akitarajia kufunguliwa nyingine. Na kinachomlinda ni swali moja la kuuliza mapema: huyu aliyesimama kati yangu na mwajiri, analipwa na nani?

Wakala halali wa kuajiri ni mfanyabiashara, na mteja wake ni mwajiri. Hoteli inapotaka mhasibu mkuu, au kampuni inapotaka fundi wa umeme wa mitambo mikubwa, wakala hutangaza, huchambua maombi, huhoji, kisha hupeleka watu wachache wanaofaa. Mmoja akiajiriwa, mwajiri humlipa wakala ada, ambayo mara nyingi hupimwa kwa kuangalia mshahara wa nafasi hiyo. Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, liliweka kanuni kwamba wakala wa kazi asimtoze mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma, isipokuwa pale nchi inaporuhusu kwa sababu maalumu.

Mtafuta kazi akilielewa hilo, hasira zake nyingi hupungua. Wakala hamtafutii yeye kazi. Anamtafutia mwajiri mtu. Akipokea wasifu wako na kunyamaza wiki sita, hajakudharau, ila hajaletewa nafasi inayokufaa. Tena biashara yake iko kwenye nafasi ngumu kujazwa. Hakuna meneja atakayelipa ada ili aletewe mwosha vyombo ilhali rundo la bahasha liko kibandani kwa soja, bure.

Kwa hiyo ajenti wa Nairobi au Mombasa anamfaa nani hapa kusini? Anamfaa mwenye ujuzi adimu. Mfano hauko mbali. Mgodi wa Base Titanium, uliokuwa chini ya kampuni ya Base Resources ya Australia, ulisafirisha shehena yake ya kwanza kupitia Likoni mwezi Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Wakati wa uhai wake, nafasi zisizohitaji ujuzi mkubwa ziligawiwa kwa utaratibu wa kuwapa kipaumbele wenyeji, kwanza wa maeneo yaliyoguswa na mradi, kisha Kwale kwa jumla. Kijana wa eneo hilo hakuwa na haja ya wakala. Alichohitaji ni kuthibitisha makazi yake na jina lake kuwa kwenye orodha. Lakini mgodi ulipofungwa, walitoka humo waendeshaji mitambo, mafundi wa vyuma, wapimaji wa maabara na maafisa wa usalama kazini wenye uzoefu ambao hauna soko Ukunda. Mtu kama huyo akizunguka na bahasha kwenye mageti ya hoteli anajipunja. Wake ni wakala anayeshughulika na migodi, na wasifu unaotaja mashine kwa aina yake, saa alizoiendesha na vyeti vyake vya usalama.

Hotelini mambo ni mengine kabisa. Dalali mkubwa kuliko wote wa kazi za Diani ni msimu. Masika ya Aprili na Mei yakianza, wageni hupungua, vyumba hufungwa, wafanyakazi hupelekwa likizo na wa mikataba mifupi huambiwa wasubiri kupigiwa simu. Wageni hurudi Julai, na shughuli hupamba moto tena kuelekea Krismasi, kaskazi inapovuma na bahari kutulia. Anayepeleka maombi katikati ya Aprili anapeleka karatasi mahali ambapo mwenye ofisi anahesabu wa kupunguza. Anayepeleka Juni mwanzoni, au mwishoni mwa Oktoba, anamkuta mkuu wa idara akipiga hesabu ya watu anaowahitaji. Miezi ya mvua ina kazi yake: ndiyo ya kutengeneza makaratasi.

Wazee wa kazi za hoteli wanajua pia kwamba msimu wenyewe unaweza kukatika ghafla. Ulikatika baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, ukakatika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ukakatika Mei 2014 kampuni za utalii za Uingereza zilipowarudisha wateja wao kwao kabla ya likizo zao kwisha, na mwaka 2020 korona ikafunga kila kitu. Kila mara waliorudishwa kazini kwanza ni wale ambao mpishi mkuu au msimamizi wa vyumba aliwakumbuka kwa majina. Ndiyo maana, kwa kazi za hoteli, barua ya maombi yenye kichwa “Kwa Anayehusika” ina thamani ndogo kuliko barua fupi iliyoandikiwa idara. Soja wa getini hana uwezo wa kuajiri, lakini anajua jina la mkuu wa jikoni na siku anayopokea watu. Kumwuliza hilo kwa adabu kunafaa kuliko kumwachia bahasha na kuondoka.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Itaje kazi moja, siyo “kazi yoyote itakayopatikana”. Neno hilo huandikwa kwa unyenyekevu, lakini msimamizi mwenye haraka halimsaidii lolote. Anatafuta mtu wa kutandika vitanda kumi na vinne kabla ya saa nane mchana, au mtu wa kusimama mbele ya jiko la mayai asubuhi. Aliyewahi kupika kwenye harusi za Msambweni na aandike aliwapikia watu wangapi. Aliyefanya kazi ya kutembeza wageni kwa mashua Shimoni na Wasini aseme anazungumza Kijerumani au Kiitaliano cha kiasi gani, maana lugha hapa ni ujuzi unaolipwa na watu wengi wa ufuoni wanao bila kuuhesabu.

Kuna karatasi ambazo mtu wa jikoni na wa mezani anaweza kuwa nazo kabla ya kuitwa. Cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula hutolewa kupitia idara ya afya ya umma na hufanywa upya kila miezi sita. Aliye nacho mkononi hawezi kudanganywa kwamba atume pesa za “kupimwa” kwa namba ya mtu asiyemjua. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema huombwa kupitia eCitizen na alama za vidole huchukuliwa vituoni, ikiwemo Huduma Centre ya Kwale. Gharama yake ni shilingi elfu moja na kitu, inayolipwa serikalini. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri adai vyeti vya aina hii pale tu anapokuwa amekusudia kumpa mtu mkataba. Kijana anayeanza maisha asilazimike kukopa ili atimize orodha ya vyeti kwa kazi ambayo hata usaili wake hajaitwa.

Na kujuana, je? Hakuna haja ya kuficha: kunafanya kazi kubwa. Lakini kuna kujuana kwa aina mbili, na watu huzichanganya. Mjomba anayefanya kazi ya kufua hotelini akisema, “Wiki ijayo idara yetu inachukua wawili, lete barua,” amekupa habari. Habari haina kosa. Jirani anayesema, “Nipe elfu kumi nimpe bosi,” anakuuzia kitu ambacho hana, na hata kama anacho, ununuzi huo ni rushwa. Aliyelipa hana risiti wala pa kulalamika, na msimamizi aliyepokea atakuwa na sababu ya kumwondoa mapema ili auze nafasi hiyo mara ya pili.

Kati ya ajenti na mwajiri amezuka mtu wa tatu, na huyu ndiye anayewachanganya wengi. Ni kampuni inayokuajiri yenyewe kisha inakupeleka kufanya kazi kwa mwingine: walinzi, wasafishaji, wakati mwingine hata wahudumu. Mtu anavaa sare, anaingia geti la hoteli kila asubuhi, anawaambia watu nyumbani kwamba ameajiriwa na hoteli, kumbe kwenye makaratasi hoteli haimjui. Si haramu, na kwa asiye na uzoefu ni pa kuanzia. Ila aulize mapema: mkataba nitatia saini na nani? Hati ya mshahara itatoka kwa nani? Michango yangu ya NSSF na ya bima ya afya ya SHA itapelekwa na nani, kwa namba ipi? Kila mwisho wa mwezi, au kila miezi miwili, afungue simu yake na aangalie kama michango hiyo imefika. Makato yakionekana kwenye hati ya mshahara lakini hayapo kwenye akaunti, ofisi ya kazi ya kaunti ndiyo mahali pa kwenda, na chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, kinafahamu kesi za namna hiyo.

Vibarua nao wana haki ambayo aghalabu hawaambiwi. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kutwa; masharti yake yanageuka kuwa ya mtu wa mwezi. Na kazi inayofikia miezi mitatu lazima iwe na mkataba wa maandishi. Kibarua mwenye daftari la siku alizofanya kazi, lenye tarehe na jina la msimamizi wa zamu, ana ushahidi.

Kwa kazi za serikali maelezo ni mafupi. Nafasi za kaunti, za wauguzi na madaktari zikiwemo, hutangazwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Walimu huajiriwa na TSC. Wanajeshi husajiliwa hadharani, uwanjani, bila malipo. Hakuna ajenti katika njia hizo zote. Kila usajili wa jeshi ukifanyika hukamatwa vijana wenye barua bandia za kuitwa mafunzoni, baadhi yao wazazi wao wakiwa wameuza ng’ombe au shamba ili kuzinunua, na wanaozinunua hushtakiwa pamoja na waliowauzia.

Kuna safari moja ambayo wakala haepukiki, nayo ni ya Ghuba. Kutoka Kwale na Mombasa watu wamekuwa wakienda Saudi Arabia, Qatar, Imarati na Oman kwa miaka mingi, wanawake kwa kazi za nyumbani, wanaume kwa udereva na ulinzi. Mwaka 2014, kufuatia malalamiko ya mateso, serikali ya Kenya ilifuta leseni za mawakala zaidi ya 900; miaka mitatu baadaye ikafungua tena njia kwa mawakala waliosajiliwa upya, baada ya makubaliano na baadhi ya nchi hizo. Leo msimamizi wa mambo haya ni Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Tovuti yake ina orodha ya mawakala walioidhinishwa. Mtu ataje jina la kampuni, aliangalie pale, na aangalie pia kama leseni haijaisha. Dakika tano zinatosha, kwenye simu ya mtoto wa jirani kama yake haina intaneti.

Lakini jina kuwamo kwenye orodha si mwisho wa kazi, kwa sababu anayekuja kijijini Kinango au Vanga mara nyingi si wakala mwenyewe. Ni mwanamke anayefahamika, mwenye maneno matamu, anayelipwa kwa kila kichwa anachopeleka Mombasa au Nairobi. Yeye hatii saini karatasi yoyote, na mambo yakiharibika simu yake haipatikani. Familia isikubaliane naye jambo la pesa wala la pasipoti. Iombe kuonana na ofisi yenyewe, ione cheti kilichotundikwa ukutani, na kila shilingi inayotoka ipate risiti yenye jina la kampuni. Kwa mfanyakazi wa nyumbani anayekwenda Saudi Arabia, makubaliano ya nchi hizi mbili yanamtaka mwajiri abebe gharama za kumchukua, kwa hiyo tiketi na viza si vya kuuziwa mbuzi.

Kisha mkataba. Sheria ya Kenya inasema mkataba wa kazi ya nje ya nchi uwe kwa namna iliyowekwa, utiwe saini na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa kazi wa serikali. Binti anayekabidhiwa mkataba uwanja wa ndege, usiku, kurasa za Kiarabu na Kiingereza, na kuambiwa “tia saini haraka, ndege inaondoka”, anavunjiwa haki hiyo. Mkataba usomwe nyumbani, kwa Kiswahili, mbele ya mtu mmoja anayejua kusoma kwa makini: mshahara kiasi gani na kwa fedha gani, siku ya mapumziko, nani anashika simu na pasipoti, jina na mji wa mwajiri. Nakala moja ibaki kwa mama. Na viza isomwe pia. Inayosema utalii ni ya utalii, hata ajenti akiahidi kwamba “itabadilishwa ukifika”. Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand na kuishia Myanmar, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni, wengi wao waliondoka kwa ahadi za aina hiyo.

Ipo hatari ndogo isiyozungumzwa, ya kutumia njia zote mbili kwa nafasi moja. Mtu amepeleka barua hotelini mwenyewe. Wiki mbili baadaye wakala naye anapeleka wasifu wake palepale. Meneja anajikuta na jina moja mara mbili, anaogopa mvutano wa nani adai ada, na mara nyingine anaamua kuchukua mtu asiye na utata. Dawa yake ni kumwuliza wakala jina la mwajiri kabla hajatuma chochote, na kumwambia ukweli kama umeshaomba hapo. Wakala anayekataa kabisa kutaja mwajiri hata baada ya kukuhoji anastahili kutiliwa shaka.

Hapa daftari la shilingi thelathini linafaa kuliko programu yoyote ya simu. Liandikwe tarehe, hoteli au wakala, aliyepokea, alichosema, na siku ya kufuatilia. Siku kumi baada ya kupeleka maombi, simu moja ya adabu inatosha; simu ya kila siku inachosha. Nakala ya kitambulisho nayo isisambazwe ovyo, maana inaweza kutumiwa kusajili laini ya simu au kuombea mkopo. Kabla ya kuitoa, mwenyewe aandike kwa kalamu, akikatisha juu ya picha: “Kwa maombi ya kazi tu”, na tarehe.

Na kazi ya msimu ikiisha, kabla ya kurudisha sare na kupanda matatu ya kwenda nyumbani, mfanyakazi aombe cheti cha utumishi. Wengi huona haya kukidai, hasa wakiwa wanatumaini kuitwa tena Julai, kisha mwaka unaofuata wanabaki kueleza kwa mdomo kazi waliyoifanya kwa mikono. Mwajiri anawajibika kisheria kukitoa kwa aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, kikitaja kazi aliyofanya, mahali, na tarehe alizoanza na kumaliza. Hakilipiwi.